Mashine 26, Daktari Mmoja na Mzee wa Funguo

Sekunde 60 ndizo zilizoniaibisha mbele ya Daktari. Ilikuwa Oktoba 2019, Kisumu, ndani ya maabara ya kompyuta ya chuo ambacho sitakitaja, mvua ya alasiri ikipiga mabati hata hatusikilizani. Nilikuwa nimemjengea ukurasa wenye kitufe kimoja kikubwa cha kijani: “Endesha”. Akabonyeza. Gurudumu likazunguka, likazunguka, mwishowe brauza ikaleta namba 504 na maneno ya Kiingereza. Akabonyeza tena. 504. Akanitazama juu ya miwani.

“Kijana, kitu chako kimekataa.”

Akabonyeza mara ya tatu, akafunga laptop, akaenda kufundisha. Kumbe hakikukataa. Kilikubali mara zote tatu.

Daktari anatafiti malaria. Mwezi mmoja kabla, tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilikuwa imezindua chanjo ya RTS,S kule Homa Bay, baada ya Malawi na Ghana kutangulia mwezi Aprili. Swali lake lilikuwa la mtu aliyekulia kando ya ziwa: chanjo ikiongezwa juu ya vyandarua, na vyandarua vyenyewe vikitoboka kabla ya kubadilishwa, watoto watakuwa wapi baada ya miaka kumi? Huwezi kukaa miaka kumi ukingoja jibu. Unaendesha modeli, yaani programu inayounda kijiji cha watu wa kubuni, mbu wakiwauma kwa bahati nasibu siku baada ya siku. Yeye alitumia OpenMalaria, programu huria inayotoka kwa watafiti wa Basel, Uswisi. Alikuwa na hali 1,200 za kujaribu, kila moja irudiwe kwa mbegu 10 tofauti za nasibu, yaani namba za kuanzishia bahati nasibu ya modeli. Kazi 12,000. Kila kazi ilikula kama dakika 40 kwenye kiini kimoja cha prosesa. Piga hesabu: saa 8,000. Laptop yake yenye viini vinne ingehema mchana na usiku kwa karibu miezi mitatu.

Uzuri wa kazi za namna hii ni kwamba hazijuani. Ya saba haingoji jibu la ya sita. Ukipata mashine nyingi zinazolala bure, unagawa. Na maabara ile ilikuwa na mashine 26, viini viwili kila moja, zilizolala kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye karatasi, usiku kumi na tatu tungekuwa tumemaliza.

Tulichukua wiki saba.

Wazo lenyewe halikuwa geni. SETI@home ya Berkeley ilianza Mei 1999 kwa kuomba watu wa kawaida waazimishe kompyuta zao za nyumbani. Baadaye ukatoka mfumo wa BOINC ambao mtu yeyote mwenye kazi nyingi zisizotegemeana angeweza kuutumia. Hata modeli za malaria ziliwahi kuendeshwa hivyo, na watu wa kujitolea, kupitia malariacontrol.net, hadi 2016. Kwa nini basi sikuchukua BOINC nikaisimika? Niliogopa ugumu wa kuisimamia, na nilikuwa na kiburi cha ujana. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Chuoni nilifundishwa huduma za wavuti za enzi ya SOAP, mtindo mzito wa programu kutumiana ujumbe, bahasha ya XML ndani ya bahasha nyingine, nikapita mtihani, nikaapa kwamba siku yangu ikifika nitajenga kitu chepesi. Siku ilifika. Nikajenga kitu chepesi mno.

Turudi kwenye 504. Mbele ya programu yangu nilikuwa nimeweka Nginx, bawabu anayepokea maombi ya wavuti na kuyapeleka nyuma, ambayo usipoigusa husubiri sekunde 60 tu kupata jibu kutoka nyuma. Programu yangu nayo, kitufe kikibonyezwa, ilianza kuandika mafaili 12,000 ya XML, faili moja kwa kila kazi, na kuyaandikisha kwenye hifadhidata. Hiyo ilikuwa shughuli ya dakika nne. Nginx ilichoka kusubiri, ikamwambia Daktari mambo yameharibika, na hakuna aliyeiambia programu iliyo nyuma kwamba mwenye kazi ameshaondoka. Ikaendelea kuandika kwa bidii. Mibonyezo mitatu, kazi 36,000. Niligundua usiku wa nne, nilipoona asilimia ya maendeleo haitembei inavyostahili na mashine zinasaga yale yale kwa zamu.

Kila mtu aliyekulia kijijini kwetu ameshapeleka mahindi kwenye mashine ya posho. Hukai pale na debe mkononi ukimkodolea macho mwenye mashine. Unaacha debe, unaandikiwa namba, unaenda sokoni, ukirudi unauliza: bado au tayari? Nikaandika upya kwa mtindo huo. Kitufe kikibonyezwa, seva inahifadhi ombi tu, inajibu mara moja kwa msimbo 202 ambao maana yake ni “nimepokea, sijafanya”, na inatoa anwani ya kuulizia. Kazi ya kuandika mafaili inafanywa pembeni, kwa wakati wake.

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata Daktari alituma kundi jipya akiwa kwenye feri ya Mbita, mtandao ukiingia na kutoka, na kazi zikawa mara mbili tena.

Hili lilinichukua muda kulielewa, ingawa ni jambo la kitoto. Ombi lake lilifika. Jibu langu lilipotea ziwani. Yeye, pale alipokaa, hakuwa na njia ya kutofautisha barua isiyofika na jibu lisilorudi. Zote mbili zinaonekana vilevile, kimya. Kwa hiyo alituma tena, na mtu yeyote angetuma tena. Kosa langu lilikuwa kudhani namba inatolewa na mwenye mashine ya posho. Namba lazima aje nayo mwenye mahindi. Sasa ukurasa wa Daktari unatunga namba ndefu ya nasibu kabla hata ya kugusa mtandao, na kila akituma tena, anatuma kwa namba ileile. Seva ikishaiona inasema “hii ninayo” na kumpa hali ilivyo. Atume mara kumi, kundi ni moja. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia neno moja tu yule mimi wa Oktoba 2019, ningemwambia hilo, kabla ya mambo mengine yote ninayosimulia hapa.

Upande wa mashine nao una kisa chake, na hapo ndipo anapoingia Mzee.

Mzee ndiye mwenye funguo za maabara. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni anapita na kuzima, na hazimi kwenye kompyuta, anazima ukutani, soketi moja baada ya nyingine, kwa kidole gumba. Nilimkuta katikati ya mstari wa pili.

“Shikamoo, Mzee. Hizi naomba ziachwe usiku.”

“Marahaba. Na stima nani atalipa, mwanangu? Wewe?”

Ilibidi barua itoke kwa mkuu wa idara, yenye muhuri. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka katikati ya kitabu chake cha mazoezi cha kurasa 96. Kitabu hicho nitakirudia. Wiki ya kwanza bado alizima baadhi kwa mazoea ya mkono, na wiki nzima stima ya mtaa ilikuwa inapotea na kurudi kila mvua ikinyesha. Matokeo yake: kwenye hifadhidata nilikuwa na kazi zaidi ya 900 zilizoandikwa “inaendelea”, na mashine zilizokuwa zikiziendesha zilikuwa zimezimwa zamani. Nilikuwa nimezigawa kama mtu anayegawa peremende, kazi ikitoka haina mwenyewe tena.

Nikaanza kuziazima, kama kitabu cha maktaba. Mashine inachukua kazi kwa saa mbili. Kila dakika tano inabisha hodi kusema bado iko hai, na muda unaongezwa. Isipobisha, muda ukiisha kazi inarudi rafuni na mwingine anaichukua. Foleni yenyewe ilikuwa jedwali la kawaida tu la hifadhidata ya PostgreSQL. Tangu toleo la 9.5 la 2016 kuna SKIP LOCKED, inayofanya mashine mbili zikinyoosha mkono kwa wakati mmoja, kila moja ipate safu yake bila kumsubiri mwenzake. Marafiki zangu wa Nairobi walinicheka kwamba sikuweka mfumo maalumu wa foleni wala Kubernetes. Kwa mashine 26? Wacheke tu.

Kitu kimoja nilipata sawa bila kujua, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine: mashine ndizo zinazoiita seva, seva haiziiti kamwe. Maabara iko nyuma ya faiawoli ya chuo, ukuta unaozuia mawasiliano ya nje kuingia, na haina anwani ya nje. BOINC nayo imejengwa hivyo hivyo. Anayetaka kazi ndiye anayekuja mlangoni.

Shida ni pale wanapokuja wote kwa pamoja. Stima ilipotea usiku mmoja saa tatu na dakika kumi, ikarudi baada ya nusu saa, na mashine zote zikaamka sekunde ileile, viini 52 vikigonga mlango wa seva ndogo niliyokuwa nimeikodi Ujerumani, yenye gigabaiti moja ya memori. Seva ikaanguka. Nami nilikuwa nimeziandikia mashine kwamba zisipojibiwa zijaribu tena baada ya sekunde tano. Kwa hiyo kila seva ilipoinua kichwa, mashine 26 zilikipiga rungu, kila sekunde tano, hadi alfajiri. Umeona gari tupu likiingia Kondele saa moja jioni na watu wote wa stejini wakavamia mlango mmoja? Ndivyo. Dawa ilikuwa mistari minne: mashine ikiamka isubiri muda wa nasibu kwanza, ikikataliwa iongeze muda mara mbili kila safari, na bado ichanganye nasibu ndani yake zisije zikarudi bega kwa bega. Na zichukue kazi za usiku mzima kwa mkupuo, ziziweke kwenye diski, zisiwe zinakuja mlangoni kila dakika 40. Hilo la mwisho lilinilazimu kurefusha muda wa kuazima hadi saa 18, maana yake mashine ikifa kweli nachelewa kujua. Nilikubali hasara hiyo.

Lakini baada ya usiku ule wa stima, mashine tano hazikurudi kabisa. Na. 9, 14, 17, na mbili nyingine. Nilipekua logi za seva, yaani kumbukumbu zake za kila ombi: hakuna kitu, hata ombi lililoshindwa. Kama hazipo duniani. Nikapanda boda kutoka Mamboleo.

Na. 9 ilikuwa inawaka, feni inavuma. Nikafungua terminali, nikaandika amri ya tarehe. Tarehe 1 Januari 2009.

Nilikaa pale dakika nzima. Mawasiliano yote na seva yalipita kwenye HTTPS, njia ya siri ambayo kwanza hukagua cheti cha utambulisho cha seva, na cheti cha seva yangu kilikuwa cha Let's Encrypt, vile ambavyo wakati huo vilidumu siku 90 tu. Kwa mashine inayoamini ni 2009, cheti hicho kilikuwa bado hakijazaliwa. Kwa hiyo ilikata mazungumzo kabla ya kutamka neno, ndiyo maana sikuona chochote upande wangu. Kwa kawaida kompyuta ingejirekebishia saa kwenye mtandao, ila faiawoli ya chuo ilikuwa imefunga mlango namba 123 wa UDP, ambao saa hupitia.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

“Hizo huwa zinasahau,” alisema.

“Zinasahau nini, Mzee?”

“Siku. Stima ikipotea zinasahau. Wanafunzi wakichapisha kazi zao tarehe inatoka ya zamani, wanakuja kulia kwangu.”

Akafungua kile kitabu. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu kila mara stima ilipopotea na kila mara iliporudi, tangu mwaka uliopita, kwa sababu aliwahi kulaumiwa kwamba ni yeye aliyeharibu mashine kwa kuzima ovyo. Nilikaa naye, kitabu upande huu, logi zangu upande ule. Logi zilisema 18:10, kwa kuwa seva huhesabu saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Simu yangu ingesema 21:10. Kitabu cha Mzee kilisema saa tatu na dakika kumi usiku. Zote tatu zilikuwa sawa, na kila pengo lililonisumbua kwa wiki nne lilikuwa na mstari wake wa bluu. Baadhi ya mapengo yalikuwa ya Ijumaa jioni, siku ambazo kidole gumba kilipita kwenye soketi. Mashine ikiwa bado imechomekwa kwenye umeme, saa yake hailihitaji lile betri dogo la ndani. Ukikata ukutani, inalitegemea hilo tu, na mabetri yale yalikuwa na umri wa mashine zenyewe.

Betri hizo ni za CR2032, duara kama sarafu. Nilizinunua kumi na moja kwa fundi wa saa kwenye veranda karibu na Barabara ya Oginga Odinga, shilingi 50 moja, akanipunguzia. Tulizibadilisha mimi na Mzee Jumamosi moja, yeye akishika tochi ya simu. Kisha nikaandika kwamba mashine ikiamka iulize kwanza tarehe kwa njia ya kawaida isiyo na cheti, kutoka kwenye kichwa cha jibu la seva, ndipo ianze mengine. Na kokote nilikokuwa nimetumia saa ya mashine kuhesabu muda wa kuazima, nikafuta. Muda huhesabiwa na mwenye maktaba.

Kuazima kulileta jambo ambalo sikulitarajia. Mara nyingine mashine iliyodhaniwa imekufa ilizinduka ikaleta jibu, wakati mwenzake ameshaleta la kazi hiyohiyo. Nikawa na majibu mawili ya kazi moja, mbegu moja, programu moja. Nikaona bahati: nilinganishe, nijihakikishie. Nikachukua heshi ya SHA-256 ya kila faili, alama fupi inayobadilika hata herufi moja ya faili ikibadilika. Nyingi zililingana. Zile zilizohusisha mashine nne za mstari wa nyuma hazikulingana kamwe.

Mashine hizo nne zilikuwa na mfumo wa biti 32. Programu ya biti 32 kwenye prosesa za jamii ya x86 kwa kawaida hukokotoa desimali kwa rejista za x87, vijisanduku vya ndani ya prosesa vyenye biti 80, kisha hukata inapoandika kwenye memori. Ya biti 64 hutumia njia nyingine, SSE2, biti 64 mwanzo hadi mwisho. Tofauti inajificha kwenye tarakimu ya kumi na sita au karibu na hapo. Kwenye hesabu ya daraja huioni. Kwenye kijiji cha kubuni, ambapo kila siku programu inauliza kama namba ya nasibu imezidi kiwango fulani ndipo mbu aume, siku moja tarakimu hiyo inaangukia upande wa pili, mtoto mmoja anaumwa ambaye hakupaswa kuumwa, na kuanzia hapo vijiji viwili havifanani tena.

Nilimpelekea Daktari nikiwa na uso wa msiba.

“Sasa ipi ndiyo sahihi?” akauliza.

“Zote, Daktari.”

Alicheka hadi akavua miwani. Kwake haikuwa shida kubwa, alikuwa anatafuta wastani wa mbegu kumi, na kijiji kilichopinda kidogo ni kama mbegu ya kumi na moja. Lakini aliacha kucheka alipofikiria mhakiki wa jarida akimwomba arudie kazi na. 4,511 na kupata kitu kingine. Mashine tatu ziliwekewa mfumo wa biti 64. Ya nne prosesa yake haikuuweza, tukaistaafisha. Ndipo, kelele hiyo ilipoondoka, tukaona kwamba Na. 17 haikubaliani hata na yenyewe: kazi moja, mara mbili, majibu mawili. Memori mbovu. Mzee akaipanguza kwa kitambaa, tukabadilisha kipande cha memori, ikatulia.

Chuo kilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wakaenda nyumbani na mashine zikabaki peke yake na Mzee. Zilifanya kazi mchana na usiku kwa mara ya kwanza. Aliniambia kwenye simu kwamba chumba kinachemka kama jikoni, na kwamba amefungua madirisha ya upande wa ziwa.

Huduma ile bado ipo. Siku hizi wanaoitumia zaidi ni wanafunzi wa Daktari. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Jioni nilifungua ukurasa wa hali kwenye simu, baada ya kusubiri sana. Mashine zote 25 zilikuwa nyekundu. Hakuna hata moja iliyokuwa imebisha hodi tangu asubuhi. Seva ilikuwa Ujerumani, mashine zilikuwa Kisumu, na mimi nilikuwa Nakuru, mazishini. Nikampigia Mzee, anayeishi hatua chache kutoka lango la chuo, nikamwomba samahani kwa kumsumbua Jumapili, nikamuuliza kama stima ipo.

Nilisikia funguo, kisha mlango, kisha viatu vyake kwenye saruji. Halafu kimya kirefu.

“Mzee? Upo?”

“Nipo. Ninazigusa.” Kimya tena, akipita mstari. “Zina moto zote. Hii ya 17 hata zaidi ya wenzake.”

Nikamwambia asante, azifungie tu.